Bamia Nzima ya Claudionor

Ijumaa, tarehe 27 Septemba. Manyunyu tangu alfajiri, jua kali kuanzia saa sita, kisha mvua na jua kwa pamoja. Upepo hakuna.

Ni siku ya Kosma na Damiano, watakatifu mapacha, na hapa mjini Salvador nyumba yenye nadhiri kwao hupika karuru, mchuzi mzito wa bamia. Kwa miaka yote sufuria yetu ilizunguka kichochoroni kwetu, Engenho Velho, na mpishi ni jirani yangu Marinalva. Mwaka huu ilipanda kilima mpaka Graça, ikaingia jengo la Solar do Tamarindo ambako kaka yake Marinalva, Claudionor, ni bawabu. Bamia ndiyo iliyoipeleka huko.

Bamia za karuru hukatwakatwa ndogo sana, mabeseni kwa mabeseni, zikapikwa kwa mawese, karanga na kamba wakavu. Lakini mpishi huacha chache bila kuzikata. Atakayeikuta bamia nzima kwenye sahani yake amekamatwa: mwakani karuru ni yake, alishe watu, awe nacho asiwe nacho. Wapo wanaoimeza upesi kabla hawajaonekana. Mwaka jana ilimwangukia Wakili Ilma Sacramento, mwanamke mweusi kama sisi, mzaliwa wa bondeni kwetu, ambaye siku hizi anakaa ghorofa ya nane hapo Solar do Tamarindo na anagombea udiwani. Yeye hakuimeza. Aliinyanyua kwa vidole, mawese yakimtiririkia mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Haya, mwakani kwangu." Tulimpigia makofi, na wengi tuliamua pale pale kwamba kura zetu ni zake.

Claudionor ana miaka hamsini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameipitisha mlangoni pa jengo lile. Ni mwembamba, hapigi kelele, anajipigia pasi shati lake mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu na kola. Anawajua wenye nyumba kwa ghorofa zao na mbwa wao kwa majina. Neno lake ni moja: sawa. Sawa, bwana. Sawa, mama. Marinalva husema kaka yake angemwambia sawa hata mwizi, mradi mwizi amsalimie kwanza.

Jengo lina lifti mbili, ambazo chini milango yake iko jirani na juu zinafungukia sehemu tofauti. Ya mbele ina kioo na vishikio vya shaba. Ya nyuma imezungushiwa turubai ndani, nayo hubeba takataka, mafundi, magodoro na akina mama wa kazi. Ukutani kipo kibao kinachosema sheria inakataza kumbagua mtu kwa rangi, asili au kazi yake katika matumizi ya lifti. Claudionor hukisugua kila Jumatatu mpaka king'ae. Na watu hupita wanavyopita.

Marinalva, ambaye sote tunamwita Nalva, anafanya kazi ghorofa ya sita kwa Bwana Trigueiros, mwenyekiti wa wenye nyumba. Mwezi wa Julai lifti ya nyuma iliharibika, naye akapanda ngazi wiki nzima na zaidi, na goti lake bovu, na vikapu vya soko. Hakuna aliyemkataza ile ya mbele. Bwana Trigueiros alimwambia tu, "Pole, Nalva, lifti imekufa," huku amesimama na mbwa wake akiingoja nyingine.

Wakili Ilma alipopata habari alipeleka hoja kwa wenye nyumba: lifti ya nyuma itengenezwe iwe sawasawa na ya mbele, kila ghorofa zote zifunguke kwenye ukumbi mmoja, na neno "huduma" lililoandikwa mlangoni pa ile ya nyuma lifutwe. Aliiandika hata kwenye vipeperushi vyake vya kampeni, "Mlango Mmoja kwa Wote", na picha yake akiwa na Claudionor mbele ya kile kioo. Alipoombwa apigwe picha, Claudionor alisema sawa.

Bwana Trigueiros hakuipinga hoja. Aliishonea mkia. Matengenezo yana gharama, alisema, kwa hiyo mabawabu waondolewe mwisho wa mwaka na iwekwe kamera, na sauti ya mtu aliye mbali iwe inafungua mlango. Lifti na kamera zikawa hoja moja, kura moja, Ijumaa hiyo hiyo ya karuru saa moja jioni. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

Asubuhi Wakili alishuka mpaka kwenye meza ya Claudionor, akiwa bado amevaa malapa.

"Shikamoo, mzee Claudionor."

"Marahaba, Wakili. Mvua leo."

"Mvua na mengine. Maji yamenifika shingoni, mzee wangu. Nikiiacha hoja kama ilivyo, lifti inapita, nimeshawauliza watu. Lakini wewe unatoka. Nikiitenganisha ziwe kura mbili, lifti huenda ikaanguka, ila wewe huenda ukabaki. Sitaki kukuamulia. Niambie mwenyewe kabla ya kikao."

"Sawa, Wakili."

"Sawa ipi?"

"Sawa nitakwambia."

Claudionor alinieleza baadaye kwamba maneno yale yalimwingia kama maji kwenye sikio: anayasikia yakicheza humo ndani, hayatoki.

Saa nne akaja Peixoto. Huyu ni mkubwa wa chama cha mabawabu na wafagiaji, naye anagombea udiwani huo huo, kwa kaulimbiu ya "Mkate Kwanza". Hakualikwa, lakini karuru haina kadi ya mwaliko, na mwaka wa uchaguzi haina hata aibu. Ni mtu mnene, mweupe wa kuchomwa na jua, mwenye kicheko cha kweli. Amewapatia wengi haki zao. Hilo nimelishuhudia.

"Komredi!" alisema, akimpiga Claudionor begani. "Sasa umeona? Rangi ni pazia. Mnapigiwa ngoma ya lifti mbele ya pazia, nyuma yake wanakuchukulia mkate. Kesho saa tatu nakuja na simu, nakurekodi, unawaambia watu hivyo hivyo kwa kinywa chako."

"Lakini lifti nayo, komredi, dada yangu goti lake..."

"Dada yako akiwa na mshahara mzuri atajenga na lifti yake! Kwanza tumbo. Utasema?"

"Sawa."

"Ndiyo maana nakupenda. Ngoja nipande nikamsalimie huyo bibi na karuru yake."

Claudionor akanyoosha mkono, akambonyezea lifti ya mbele.

Wakati huo ndipo sisi tulipoingia. Nilikuwa nimeshika sikio moja la sufuria, Nalva amelishika la pili, na nyuma yetu wale watoto saba wa nadhiri, ambao lazima wale kabla ya mtu yeyote, wamevaa mashati meupe yaliyolowa. Tulimwona Peixoto akijiweka sawa kola mbele ya kioo, kisha mlango ukamfunika. Claudionor alitukimbilia, akamfuta dada yake maji begani, akaenda mbio kutufungulia lifti. Ya nyuma.

Nalva alisimama. Sufuria ikanivuta mkono.

"Nô," alisema. Hivyo ndivyo anavyomwita kaka yake. "Yule mtu wa mkate amepandia wapi?"

Claudionor akatazama lifti ya mbele, akatazama mkono wake. "Sufuria ni nzito, Nalva. Huku kuna nafasi."

"Na mbele kuna nafasi. Sijauliza habari za sufuria."

"Mkono umezoea tu, dada."

"Hata Trigueiros mkono wake umezoea. Kumbe hizi lifti hazina mwenyewe, zina mikono tu."

Nilidhani tutasimama pale mpaka jioni. Lakini karuru haingoji, na watoto walikuwa wanatetemeka. Nalva akaingia lifti ya nyuma, mimi nikafuata, na mpaka ghorofa ya nane alikodolea macho turubai kama anasoma kitu.

Saa nane zamu ya Claudionor iliisha. Alipanda kwa ngazi. Nilimkuta kwenye kibaraza cha jikoni kwa Wakili, amebadilisha shati, hataki kuingia sebuleni.

"Nimemfungulia dada yangu mlango wa takataka," aliniambia. "Hakuna aliyenituma. Nimembonyezea Peixoto ya mbele bila kuwaza, nikambonyezea Nalva ya nyuma bila kuwaza, yote ndani ya dakika chache. Mtu kama mimi anang'ang'ania nini kazi ya mlango? Nitamwambia Wakili asitenganishe. Lifti ipite. Mimi niende zangu."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini nitasema hivyo."

Sebuleni mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Watoto saba walikula kwa mikono kutoka beseni moja, nasi tukiwaimbia, mpaka sakafu ya Wakili ikageuka rangi ya mawese. Baadaye Nalva akaanza kupakua sahani za wakubwa: karuru, kunde, kuku, wali, bisi kidogo pembeni. Bwana Trigueiros naye alipanda, harufu imemvuta, akauliza kama ina pilipili. Akaambiwa haina. Ilikuwa nayo.

Peixoto hakuweza kula kimya.

"Wakili, kwa heshima ya karuru yako, unawapa watu kioo wajitazame wakiwa na njaa."

"Na wewe, komredi, unawapa mkate wakaule kwenye ngazi."

"Eeeh!" wakasema watu, kama wako kwenye mechi.

"Njaa haina rangi," alisema Peixoto.

"Njaa haina, wenye njaa wanayo. Shuka bondeni uhesabu."

"Mimi na Claudionor ni kitu kimoja! Mfanyakazi ni mfanyakazi."

"Ni kweli, komredi," alisema Nalva, akimwekea kunde. "Kitu kimoja, lifti mbili."

Chumba kizima kilicheka. Peixoto naye alicheka, kisha masikio yakamwiva, akaweka uma chini. "Leo asubuhi? Mama, wallahi sikuliona hilo."

"Ndiyo maana."

Wakili alikuwa anatabasamu. Nalva akamgeukia na mwiko mkononi. "Na wewe usicheke, mwanangu. Kwenye hoja yako kuna kaka yangu humo ndani. Mmemkatakata kama bamia ili mpate kutengeneza lifti."

"Dada Nalva, mkia ule si wangu. Ni wa Bwana Trigueiros."

"Lakini ng'ombe ni wako."

Bwana Trigueiros alikuwa anakohoa kwa pilipili, akainua mkono kuomba maji.

Hapo Claudionor, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kusimama kanisani. "Wakili," alisema, "lile jambo la asubuhi." Alikuwa amechota kijiko, hajakipeleka mdomoni. Aliangalia chini. Nikaangalia na mimi. Juu ya wali, nzima kutoka kikonyo mpaka ncha, ilikuwa imelala bamia.

Akaifunika kwa wali. Niliona. Kisha kijiko kikairudia, kikaifunua tena.

"Nô amekamatwa!" Nalva alipiga kelele, maana naye alikuwa ameiona, na chumba kikalipuka makofi. Nalva mwenyewe alipiga mara moja tu, halafu mikono yake ikabaki imeshikana hewani. Nadhani ndipo alipopiga hesabu. Mwakani. Watoto saba, kichochoro kizima, mabeseni ya bamia, kuku, mawese. Na kaka yake hana kazi.

Claudionor alisimama na sahani yake.

"Wakili, mwakani nalisha watu. Siwezi kulisha watu bila mshahara. Tenganisha."

Akamgeukia dada yake. "Nalva..."

"Usiniambie kitu. Kula."

Bwana Trigueiros alijifuta mdomo. "Kutenganisha ni haki yako, Wakili," alisema kwa upole. "Hiyo ndiyo demokrasia." Alikubali upesi mno. Nililiona hilo, ila sikulielewa.

Nilimuuliza Nalva jikoni kama aliiweka bamia ile makusudi. Aliapa kwa mapacha wote wawili kwamba hakujua imeangukia sahani ipi, akaongeza kwamba laiti angejua, angempa Trigueiros. Na Claudionor nilimuuliza kwa nini amesema kinyume cha alichoniambia kibarazani.

"Neno lilikuwa tayari mdomoni," alisema. "Kisha nikaiona. Sasa utamwambiaje mtakatifu kwamba umeachishwa kazi?"

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa chini wenye mlango wa vioo. Wanaingia wenye nyumba tu. Sisi watatu tulikaa kwenye benchi la bustani na sufuria tupu, tukiwatazama kama samaki kwenye tangi: midomo inafunguka, sauti haiji. Peixoto alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye karuru nyingine. Mikono ikanyanyuliwa, mingi, karibu yote.

"Hiyo ni lifti!" alisema Nalva, akinishika mkono.

"Au ni kamera," alisema Claudionor.

"Kamera watanyanyua hivyo? Watu waliokula karuru leo?"

Tukangoja. Mikono ikanyanyuliwa tena, michache, mmoja hapa mmoja kule. Mkono wa Wakili tuliuona mara hii, umenyooka kama wa mwanafunzi. Basi tukajua hiyo ndiyo lifti.

Alitoka kabla kikao hakijafungwa, akaja kusimama mbele yetu.

"Walianza na kamera," alisema. "Ikapita. Nikasema sasa lifti. Mmoja akasema, kama tumeokoa fedha za mabawabu, kwa nini tuzitumie upesi hivyo, tuziweke akiba. Basi wakaziweka akiba." Alikuwa anazungumza na sufuria. "Hoja zilipofungwa pamoja walikubali lifti ili wapate kamera. Nilipolifungua fundo, wakachukua chao, wakaniachia kamba."

"Sawa, Wakili," alisema Claudionor.

"Usiseme sawa!" Alikuwa analia. "Nitukane, mzee Claudionor. Mwakani sitakuwa na uso wa kuja kwako."

"Utakuja. Bamia haijafutwa."

Tulishuka kilima kwa miguu, maana Nalva alikataa basi ingawa goti lilimuuma. Mvua ilikuwa imekata. Kifuniko cha sufuria kiligongagonga njia nzima.

"Ungeniachia lifti yangu," alisema Nalva.

"Na wewe ungeniachia kazi yangu."

"Kazi umeikosa vilevile."

"Na lifti umeikosa vilevile."

Wakasimama katikati ya njia, wakatazamana, wakaanza kucheka, na kilikuwa kicheko kibaya cha msibani. Claudionor alitoa mfukoni kipeperushi cha "Mlango Mmoja", akajitazama kwenye ile picha. Simu yake ikalia: ujumbe wa sauti wa Peixoto, kelele za ngoma nyuma yake. "Komredi, nimesikia! Si nilikwambia? Kesho saa tatu, video!"

"Utasema nini kwenye hiyo video?" nilimuuliza.

"Nitasema amesema kweli. Walinichukulia mkate." Akakunja kipeperushi. "Lakini Ilma naye amesema kweli. Kama Nalva angekuwa na rangi ya Peixoto, angepanda ngazi hata siku moja? Na Peixoto akiwa rangi yetu, ningem..." Akakirudisha mfukoni. "Nilidhani nikichagua kimoja, kile cha pili kitaachwa na mtu mwingine akiokote. Sasa sielewi. Nilichagua vibaya, au vilikuwa kitu kimoja nikakikata? Kama kilikuwa kimoja, mbona nacho kilikuwa kinaniua?" Akanigeukia. "Wewe unayeandika kila kitu, kosa liko wapi?"

Nilimwambia sijui. Hata sasa ninapoandika sijui. Nimejaribu kuipanga siku ile kwa njia nyingine, bamia ikianguka kwenye sahani nyingine, na kila nikiipanga mmoja wa ndugu hawa wawili anabaki chini.

"Jumapili ya uchaguzi utampigia nani?" Nalva alimuuliza.

"Kuna Jumapili kwanza kabla ya hiyo," alisema Claudionor.

Jumamosi asubuhi aliamka kama kawaida, akapiga pasi kola, akaenda kazini, maana mpaka Desemba mlango bado ni wake. Simu aliizima. Nalva, ambaye Jumamosi hufanya kazi mpaka saa sita, alifika getini akichechemea. Claudionor aliinuka kwenye meza yake, akaenda kwenye lifti, akanyoosha mikono yote miwili kadiri ilivyofika, akabonyeza kitufe cha mbele kwa mkono mmoja na cha nyuma kwa mwingine, akasimama katikati, dada yake kando yake, wakingoja.